MABATI YA ASBESTO YASIUZIWE WAKULIMA

Wakulima wa skimu, liko jambo moja la ujenzi ambalo yafaa lisemwe wazi. Katika mashamba yaliyogawiwa tangu mpango wa ekari milioni moja ulipoanza mwaka 1962, mlikuta nyumba na maghala ya walowezi, na baadhi yake yaliezekwa kwa asbesto. Shule na maghala ya ushirika yaliyojengwa baadaye nayo mengine yaliezekwa hivyo, maana wakati ule asbesto ilisifiwa kuwa haishiki kutu wala moto. Sasa mapaa hayo yamechakaa. Yakishushwa, kamati nyingine huwauzia wanachama mabati yale kwa bei rahisi, na mwanachama hufurahi kupata paa la banda la kuku. Maoni yetu ni kwamba biashara hiyo ikomeshwe.

Bati la asbesto si chuma. Ni simiti iliyochanganywa na nyuzi za jiwe liitwalo asbesto, na nyuzi hizo ni nyembamba hata jicho haliwezi kuziona zikiruka. Bati likiwa zima, nyuzi hukaa ndani ya simiti. Likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au likivunjwa, nyuzi huruka pamoja na vumbi, mtu huzivuta kwa pumzi, nazo hubaki mapafuni. Zaweza kuyakausha mapafu, au kuleta kansa ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa haujionyeshi upesi. Waweza kuchukua miaka 20, 30, hata 40.

Wako wazee wasemao kwamba wamelala chini ya paa hilo tangu walipofika skimu, wala hawakuugua. Neno lao si la kudharauliwa, kwa sababu paa zima lisilochokorwa halina hatari kubwa. Kwa hiyo hatumwambii mtu apande leo kuling'oa. Liacheni. Msilipige misumari, msilisugue kuondoa ukungu, wala fundi asikanyage juu yake, kwani asbesto ya zamani huvunjika ghafula kama kigae cha chungu, na mtu huanguka mpaka sakafuni. Hatari kubwa huanza bati linaposhushwa na kukatwa ili litoshe banda. Baba hukata, vumbi huingia nyumbani pamoja na nguo zake, na watoto huokota vipande wakaandikia ukutani kama chaki.

Vipande vilivyokwisha kuanguka visifagiliwe vikiwa vikavu. Vinyunyizieni maji, vikusanyeni bila kuvivunja zaidi, vifungeni katika plastiki nene, mkaviweke mbali na watoto na mifugo. Visitupwe motoni, maana hupasuka na kuruka, wala visizikwe shambani ambako jembe litavifukua. Kanuni za taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka ya hatari, na mwenye kuisafirisha lazima awe na leseni ya NEMA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira.

Tunajua kwa nini mkulima hununua asbesto kuukuu: mabati mapya ni ghali. Basi kuku na walale chini ya nyasi, hawajapata kulalamika. Kwa nyumba ya watu, nunueni mabati ya chuma na mwulize geji kabla ya kutoa fedha. Namba ikiwa ndogo, bati ni nene: geji 32 ni nyembamba kuliko 30, na 28 ni nene kuliko zote mbili. Katika mahali penye upepo mkali, kama Kinangop, sisi tungengoja msimu mmoja zaidi wa viazi tupate 28. Msumari upigwe mgongoni mwa mkunjo wa bati, si bondeni ambamo maji hupita.

Gharama ya kushusha paa la ghala si ya mwanachama mmoja. Kamati iiandike katika makisio kabla ya mkutano mkuu, na katibu aende kwa afisa wa NEMA wa kaunti aulize ni nani wenye leseni ya kazi hiyo. Mabati yaliyokwisha kupangwa nyuma ya ghala yafunikwe sasa hivi, na lisitolewe hata moja.