Maji Yaliyojificha Ndani ya Mahindi

Mpishi akifunua sufuria iliyochemka, matone ya maji hudondoka kutoka upande wa ndani wa kifuniko. Maji hayo yalipanda yakiwa mvuke usioonekana kwa macho, yakagusa kifuniko kisicho na moto kama ule wa chini, yakarudi kuwa maji. Jambo hilo la jikoni ndilo liharibulo mahindi ghalani.

Maji yana hali tatu. Yakipoa hadi digrii 0 za sentigredi huganda kuwa barafu, kama ile iliyo juu ya Mlima Kenya. Yakiwa na joto la kadiri hutiririka. Na yakizidi kupata joto hugeuka mvuke. Walakini si lazima yachemke kwanza. Nguo iliyoanikwa hukauka bila kuchemka, kwa maana jua na upepo huyachukua maji yake kidogo kidogo.

Mahindi nayo hukauka vivyo hivyo. Yaliyovunwa karibuni yaweza kuwa na maji sehemu 20 katika kila 100, yaani kilo 20 katika gunia la kilo 100. Ili yahifadhike salama, maji yasizidi sehemu 13 na nusu. Basi yapata lita 7 na nusu hazina budi kutoka katika gunia hilo kwa njia ya mvuke.

Mkulima akifanya haraka, maji hayo hubaki ghalani. Mchana bati hupata moto na mvuke hutoka katika punje. Usiku bati hupoa, na mvuke hurudi kuwa matone yanayoyalowesha magunia ya juu. Hapo ndipo kuvu huota, na kuvu nyingine hutoa sumu iitwayo aflatoksini, isiyoonekana kwa macho wala kuondolewa kwa kupika. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 wakafa. Mahindi mengi yaliyowadhuru yalilimwa nyumbani, yakawekwa akiba yakiwa na unyevu.

Yafaa mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo wenye unyevu wake. Yageuzwe mara kwa mara, na jioni yaingizwe ndani kabla ya umande, kwa sababu umande ni mvuke wa hewani uliorudi kuwa maji. Yapoe kwanza ndipo yatiwe guniani, na magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Asiye na chombo cha kupimia na atumie chumvi. Atie mahindi kiasi katika chupa kavu, aongeze chumvi iliyo kavu kabisa, afunge, atikise dakika chache, kisha aiache itulie dakika 15. Chumvi ikinata ubavuni mwa chupa, mahindi yangali mabichi. Isiponata, maji yamepungua chini ya sehemu 15. Yaanikwe tena kidogo ndipo yahifadhiwe.

Gunia lililopungua uzito juani limepoteza maji tu. Lililoota kuvu limepoteza chakula cha nyumba nzima.