Doa la Darini Lisikudanganye

Hebu, msomaji wangu, inua macho utazame dari ya chumba ulimoketi. Je, kuna doa la rangi ya chai lenye ukingo uliokoza kama ramani? Rangi imevimba na kubanduka? Au chumba kinanuka ukungu hata madirisha yakiwa wazi? Basi nyumba yako inavuja, hata kama hujaona tone sakafuni.

Wengi wetu tukiona doa humwita mpaka rangi. Nami nilifanya hivyo mwaka mmoja, wageni wa Krismasi wakiwa njiani. Dari ikang'aa kweli kweli. Masika yalipoingia, doa lilirudi likiwa limezaa na wenzake, nikalipia kazi mara mbili.

Kwanza jiulize doa hulowa lini. Likilowa hata siku za jua, usilaumu mabati. Tazama tangi la maji lililo juu, boya lake na maungio ya mabomba. Ukikaa ghorofani, pengine ni bafu ya jirani wa juu.

Likilowa wakati wa mvua tu, kosa liko paani. Lakini hapa ndipo mafundi wengi hupotea: tundu halikai juu ya doa! Maji hupenya penginepo, yakateremka kwa kufuata mbao za paa, kisha yakadondoka mbali. Kwa hiyo ingia darini mchana na kurunzi. Kanyaga mbao tu, maana ubao wa dari hautakubeba. Zima kurunzi kidogo. Penye tundu utaona nuru ikipenya kama nyota. Kisha iwashe, ufuate alama za maji kwenye mbao ukielekea juu.

Mara nyingi mkosaji ni msumari. Msumari wa mabati hupigiliwa juu ya mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita, na chini ya kofia yake huwekwa kipande cha mpira. Jua likiukausha mpira huo, hupasuka. Fundi aung'oe msumari, atie mnene zaidi wenye mpira mpya. Kuupaka lami juu juu ni kuahirisha tu. Asisahau pia kuondoa majani kwenye mifereji ya paa, kwani ikiziba maji hurudi nyuma chini ya mabati. Wala asipande mabati yakiwa mabichi; yanateleza kama sabuni.

Na dari ikishuka katikati kama tumbo, hapo hakuna kungoja fundi. Imebeba maji, na ikianguka itaangukia watoto. Waondoe chumbani. Zima stima kwenye swichi kuu, hasa kama taa iko karibu. Weka karai, kisha usimame kando na kutoboa tundu dogo penye uvimbe kwa kijiti kirefu kilichochongoka, maji yateremke polepole. Lakini kama paa au dari yako ni ya asbesto, usitoboe wala kukwaruza, kwa kuwa vumbi lake huleta kansa ya mapafu. Funga chumba, umwite mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Mpaka rangi aje mwisho, dari ikiwa imekauka kabisa. Mwambie atangulize rangi ya mafuta juu ya doa, la sivyo litachomoza tena hata kama paa halivuji.