Mchina Hakufanya Yote Hayo

Mwambao wa Ziwa Tanganyika, pale Wampembe mkoani Rukwa dagaa wanapoanikwa, maneno juu ya Wachina hayaishi. Mengine ya kuwasifu, mengine ya kuwakashifu, na mengi si kweli.

Husemwa kwamba reli ya TAZARA ilijengwa na wafungwa walioletwa kutoka China. Uvumi huu una chanzo: watu wale waliishi makambini, walivaa nguo zinazofanana, hawakuja na wake zao na hawakuchanganyika sana na wenyeji. Lakini walikuwa wahandisi, mafundi na wafanyakazi wa reli. Zaidi ya 60 kati yao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na ubalozi wao huenda kuwawekea mashada ya maua. Mfungwa gani huenziwa hivyo? Tena uvumi huo unawafuta maelfu ya Watanzania na Wazambia waliopasua milima kati ya Mlimba na Makambako, sehemu ngumu kuliko zote za kilomita 1,860.

Wengine hudai reli ilikuwa zawadi. Haikuwa. Mkataba wa mwaka 1967 ulifuatiwa na mkopo wa yuan milioni 988, usio na riba, wa kulipwa kwa miaka 30. Ulikuwa nafuu kubwa, hasa kwa kuwa Benki ya Dunia ilikwisha kusema reli hiyo haitalipa. Lakini tazama gharama za hapa nchini, mishahara ya vibarua ikiwemo, zilivyolipwa. Tanzania na Zambia zilichukua bidhaa za China kwa mkopo, zikaziuza madukani, na fedha za mauzo zikaingia kwenye ujenzi. Basi aliyenunua beseni la Kichina mwaka 1972 alikuwa anachangia reli, ajue asijue. Zawadi hainunuliwi dukani.

Hapo hudakia mwingine: bidhaa ya Mchina ni hafifu tangu enzi. Enzi zipi? Wakubwa wa pwani walipamba nguzo za makaburi kwa bakuli za China, kama pale Kunduchi, kwa sababu zilikuwa fahari ya mwenye mali. Leo ubora hufuata oda. Mfanyabiashara wa Kariakoo akiagiza taa ya bei ya kutupa, atapewa taa ya kutupa. Nyingi ya simu ghali tunazozitamani nazo huunganishwa hukohuko China.

La mwisho ndilo linaloniudhi: eti lami yote ya Rukwa ni msaada wa China. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilijengwa kwa fedha za Marekani, chini ya mkataba waliotia saini Rais Kikwete na Rais Bush Dar es Salaam, Februari 2008. Kutoka Sumbawanga kwenda Kibaoni kupitia Kizi, kweli, kampuni za Kichina zilishika kazi. Zililipwa na hazina ya Tanzania, yaani kodi yako na yangu. Mkandarasi ni fundi wa kukodi; hajengi kwa huruma, na hachagui barabara ipite wapi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Wampembe, ukitaka lami iteremke kutoka Kitosi hadi kwenu, usimngojee Mchina. Mbane mbunge wako, na uiulize Wizara ya Ujenzi.