Kusi na Magurudumu Matatu

Aghalabu, upepo wa kusi unapoanza kushika nguvu, Mamlaka ya Hali ya Hewa huwapelekea wavuvi na mabaharia wa Lindi na Mtwara tahadhari ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, na mwenye jahazi, kwa hekima aliyorithi kwa wazee wake, huisikia akaahirisha safari au akapunguza tanga. Ama dereva wa bajaji au wa guta, anayepandisha abiria na shehena kutoka Masasi hadi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, hana anayempigia mbiu, ijapokuwa chombo chake nacho kina ubavu wa turubai unaoshika upepo kama tanga lenyewe. Naona dereva huyu amedhulumiwa, kwa kuwa amekabidhiwa roho za watu pasipo kupewa elimu ya upepo.

Wengi wa madereva hawa walianzia kwenye bodaboda, nao hudhani kwamba gurudumu la tatu ni usalama wa ziada. Chombo kikiwa kimesimama, dhana hiyo ni sahihi. Kikiwa mwendoni, mambo hugeuka. Mwendesha pikipiki ya magurudumu mawili, akisukumwa ubavuni, huilaza kuelekea upepo utokako, ikajisawazisha. Bajaji hailali, wala guta halilali, na nguvu yote inayolijia ubavuni huliemea gurudumu la nyuma la upande wa demani, uendako upepo, ilhali lile la joshini, utokako upepo, linazidi kuwa jepesi. Fauka ya hayo, gurudumu la mbele ni moja tu, hata dereva akishika breki kwa ghafla katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele, kwenye pembe isiyo na gurudumu la kuupokea, na hapo ndipo vyombo hivi hupinduka. Ni nadra upepo peke yake kuipindua bajaji iliyopakiwa vyema. Maafa huja pale upepo, kona na breki vinapokutana kwa wakati mmoja.

Tena nguvu ya upepo haipandi kwa kadiri ya mwendo wake. Upepo wa kilomita 40 kwa saa, ukipiga ubavu wa mita 3 za mraba, husukuma kama uzito wa kilo 25 hivi. Mwendo wa upepo ukizidi maradufu, msukumo huwa mara nne, karibu kilo 100, kana kwamba watu wazima wawili wamekiegemea chombo kwa pamoja.

Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda, pale Shimo la Mungu linapotazama bonde la Ruvuma, na anayeijua baridi ya mji huo anajua kwamba upepo huufikia bila kizuizi. Masasi iko upande wa magharibi, ikielekea kaskazini kidogo. Kwa hiyo anayeteremka kwenda huko, kusi, ivumayo kutoka kusini-mashariki, humjia kisogoni, haimvumi masikioni wala haimsumbui macho, naye akahadaika akadhani hewa imetulia, huku mteremko na upepo vikimharakisha pamoja. Kisha njia inapojipinda, upepo ule ule humpiga ubavuni kabla hajapunguza mwendo. Dereva mwenye maarifa hupunguza kabla ya kona, hushika usukani kwa mikono miwili bila kuukaza, na hujihadhari zaidi anapopishana na lori, maana lori humkinga na upepo kwa nukta chache, kisha humwachia wote kwa mpigo mmoja.

Ama habari ya shehena ndiyo inayonisikitisha zaidi. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, kusi imekwisha kupungua, lakini mvua za kwanza huja na dhoruba za ghafla, na ndio wakati magunia yanaporundikwa juu ya guta kwenda kwenye maghala ya vyama vya msingi, vile vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU. Gunia la juu kabisa ndilo linaloshika upepo, na mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi hata usukani ukakosa utii. Kadhalika mapipa ya maji, bidhaa azizi kwa watu wa uwanda huu usio na mito: pipa lililojaa nusu humwaga uzito wake upande wa demani wakati ule ule upepo unaposukuma, kwa hiyo ni heri lijazwe pomoni au maji yatiwe katika madumu madogo. Na kwenye bajaji, abiria akiwa mmoja, na akae upande wa joshini. Mapazia yafungwe juu pande zote mbili, upepo upite katikati, isipokuwa mvua inaponyesha, na hapo dawa ni kwenda polepole au kusimama, mbali na miti. Seuze abiria mwenyewe awe mama mjamzito anayekimbizwa Hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, ambaye haraka ya dereva humtia katika hatari ya pili.

Nawaomba basi wakuu wa halmashauri za Masasi na Newala, askari wa usalama barabarani na viongozi wa vituo vya bajaji, kabla msimu ujao wa korosho haujafunguliwa, wawakusanye madereva hawa wafundishwe upepo na upakiaji kwa vitendo. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa, inapowatahadharisha watu wa bahari, iongeze sentensi moja kwa ajili ya wale walio barabarani.