Tunyooshe Mkono kwa Ajili ya Bweni

Sisi wazazi wa Iringa hatutaji Idodi bila kukumbuka Agosti 2009. Usiku mmoja bweni la shule ya sekondari liliteketea, wasichana 12 wakafariki. Ilielezwa kuwa chanzo kilikuwa mshumaa wa kujisomea.

Ndiyo maana majengo ya shule yanapochakaa, akina mama tusiwaachie waume zetu peke yao. Huko Marekani wananchi hupiga kura ili shule ikope fedha za ukarabati, kisha hulilipa deni kwa kodi ya nyumba zao. Kwetu kura ni kunyoosha mkono katika mkutano mkuu wa kijiji, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ana haki hiyo, hata yule anayekaa nyuma kabisa na mtoto mgongoni. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, wala mtoto hafukuzwi kwa sababu ya mchango. Lakini kijiji chaweza kukubaliana kuchangia.

Basi tukubali tukiwa tumefumbua macho. Mchango ukusanywe baada ya kuvuna mpunga, si Januari tunapohangaika na sare na madaftari. Nani anashika fedha? Stakabadhi ziko wapi? Mapato na matumizi yasomwe mkutanoni kila miezi mitatu. Na fundi tumwulize mapema: bweni litakuwa na milango mingapi, nayo itafunguka kwenda nje? Nondo za madirishani huzuia wezi, ila moto ukiwaka humzuia mtoto pia. Rangi ya ukutani (ambayo wageni rasmi huipenda sana!) ingoje mwaka mwingine.