Baiskeli Haina Kiu, Mwendeshaji Anayo

Wengi wetu huiona baiskeli kuwa chombo cha kwendea shambani na sokoni tu. Lakini wako wanaosafiri nayo siku mbili au tatu. Mwezi wa Septemba 2019, sisi wauguzi wawili, sote tukiwa tumevuka miaka hamsini, tuliombwa kufuatana na vijana kumi na wawili kutoka Singida hadi Dodoma. Siku ya pili, tulipotoka Manyoni, ilitufundisha jambo ambalo tunaona si vema kulinyamazia.

Mwendo wa siku hiyo ni zaidi ya kilomita 120. Asubuhi ni raha, maana unateremka ukuta wa Bonde la Ufa mpaka nchi tambarare ya Bahi. Taabu inaanza huko chini. Upepo mkavu wa kiangazi unakupiga usoni, kivuli ni cha mbuyu mmoja mmoja, na ukishapita Bahi barabara inapanda taratibu kuelekea Dodoma. Baiskeli zetu zilikuwa zile nzito za kawaida, zisizo na gia. Kila tuliposhuka pembeni kupisha malori, miiba ya mbigili ilitoboa mipira.

Katika msafara alikuwamo kijana mmoja fundi, mwenye nguvu kuliko wote. Kila pancha ilikuwa yake. Wenzake walipokaa kivulini na kunywa maji, yeye alikuwa juani na pampu na viraka. Tulipomwuliza kama amekunywa, alijibu, "Msijali mama, mimi nimezoea." Nasi tukaamini. Macho yetu yalikuwa kwa wasichana wawili tuliowadhania kuwa dhaifu.

Saa nane mchana alianza kuyumba. Alilalamika kichwa, akatapika, kisha akatuuliza kama tumeshafika Singida. Ngozi yake ilikuwa ya moto sana. Hapo hatukuhitaji kipimo: joto lilikuwa limempanda kichwani, na ugonjwa huo huua. Tulimlaza chini ya mbuyu, tukamvua shati, tukamwagia maji mwili mzima huku tukimpepea kwa kanga. Baadhi ya vijana walinung'unika kwamba tunamwaga maji yao ya kunywa. Tuliyamwaga yote. Lori lilipopatikana tulimpeleka kituo cha afya huku tukiendelea kumlowesha njia nzima. Alipona. Lakini tungechelewa kidogo tu, labda tungeandika habari nyingine.

Kwa nini ilitokea hivyo? Mtu anapokanyaga pedali, karibu robo tu ya nguvu anayotumia huendesha baiskeli. Nyingine yote hugeuka joto, na mwili hulipunguza kwa jasho. Penye upepo mkavu jasho hukauka upesi, basi mwendeshaji hujiona hatoki jasho, kumbe anakauka. Tena jasho huondoka na chumvi.

Maoni yetu ni haya. Kwanza, kuvumilia kiu si uanaume. Anza kunywa mapema, kidogo kidogo, wala usinywe maji matupu mengi kwa mara moja. Angalia mkojo: ukiwa mchache na wa rangi ya chai, umechelewa. Aliyetoka jasho jingi na atengenezewe maji haya: lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Ndizi, viazi vitamu na karanga visikosekane kwenye keria.

Pili, saa sita hadi saa tisa ni wakati wa kupumzika. Afadhali kuondoka kabla ya mapambazuko kuliko kushindana na jua.

Tatu, mwenzenu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, msimtake ajikaze. Mpozeni kwanza kwa maji na upepo, ndipo mtafute usafiri. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu.

Nne, na hili ndilo linalotuuma zaidi: mtazameni anayewahudumia. Katika kila msafara, na hata katika kila nyumba, yuko mmoja anayefanya kazi wakati wengine wanapumzika, naye husema amezoea. Kosa letu lilikuwa kumwuliza tu. Tulipaswa kumwondolea pampu mkononi, kumkalisha kivulini na kumwona akinywa.

Siku ile tulifika Dodoma usiku, baadhi yetu kwa baiskeli na wengine kwa lori. Vijana kadhaa waliona aibu kuingia mjini wakiwa wamepakiwa. Sisi hatukuona aibu yoyote. Tulipowahesabu, walikuwa kumi na mmoja, na wa kumi na wawili alikuwa kitandani, akiuliza baiskeli yake iko wapi.