Mgabire Hakuwa Mtumwa wa Karafuu

Kauli hii huisikia msomi na asiyesoma, na wote wawili huirudia: kila jamii ilikuwa na watumwa wake. Taja mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, utajibiwa kwamba hata Buha, nchi ya Waha, kulikuwa na ubugabire, utumishi wa aliyepewa ng'ombe kwa mwenye ng'ombe, na hata Waazteki wa Mexico walikuwa na watumwa, tena wakachinja watu kwa ajili ya miungu yao. Basi mwenye shamba wa Unguja alifanya waliyofanya wote. Huku vilimani, Kibondo na Kasulu, hadi Rungwe Mpya, maneno hayo husemwa kwa unyonge, kana kwamba tunaungama dhambi ya mababu ili wengine wapumzike. Mimi nayakataa, kwa sababu yanapima jamii kwa kipimo kisichofaa.

Tuwatazame kwanza hao Waazteki, maana ndio hutolewa kama ushahidi mzito. Mji wao wa Tenochtitlan ulianzishwa mwaka 1325 katikati ya ziwa, na ulilishwa kwa sehemu kubwa na vishamba vilivyojengwa ndani ya maji kwa tope na mimea iliyooza. Waliovilima hawakuwa watumwa. Walikuwa wakulima wa mitaa yao, na kila mtaa uliwagawia kaya zake ardhi. Walilipa kodi, walikwenda kazi za zamu, walipelekwa vitani. Watumwa walikuwapo: aliyeshindwa kulipa deni, aliyehukumiwa kwa wizi, aliyejiuza mwaka wa njaa. Mtu huyo aliweza kuoa, kuwa na mali na kujikomboa, na mtoto wake kwa kawaida alizaliwa huru. Kafara nazo zilikuwapo, za mateka wa vita na za baadhi ya watumwa, na hakuna sababu ya kuzifunika. Lakini waondoe watumwa wote wa Tenochtitlan kwa usiku mmoja: asubuhi mahindi yangepaliliwa, kodi ingeletwa, soko lingejaa.

Hicho ndicho kipimo ninachokitaka. Moses Finley, mwanahistoria aliyechunguza Ugiriki na Roma za kale, alitenganisha jamii ambazo watumwa wamo na jamii ambazo watumwa ndio msingi wake. Kipimo hiki hakiulizi nani katili zaidi. Kinauliza nini kingeanguka kama watumwa wangeondoka. Na aliyeuteka mji ule mwaka 1521, Hernán Cortés, hakukawia kuanzisha miwa na kinu cha sukari karibu na Cuernavaca na kuingiza watumwa kutoka Afrika. Wahispania walioshtushwa na damu ya mahekalu hawakuona ajabu kujenga kitu ambacho bila mtumwa kisingesimama hata msimu mmoja.

Sasa turudi Buha. Heru, Muhambwe, Buyungu na falme nyingine za hapa zilikuwa na mwami, na chini yake watware, watawala wa maeneo. Hazikuwa nchi za usawa. Mwenye ng'ombe, mara nyingi Mtutsi, alimpa mtu ng'ombe, na aliyepokea akawa mgabire wake: akamjengea, akamlimia, akampelekea pombe, akatumwa huku na huko. Ng'ombe na uzao wake walibaki wa mwenyewe, na angeweza kuwadai. Ulikuwa unyonyaji, na ninakataa kuupamba. Lakini mgabire alikuwa na shamba, na shamba hilo hakupewa na mwenye ng'ombe. Mambo ya ardhi yalikuwa mikononi mwa wateko, wazee wa koo za Waha, ambao hata mwami hakuweza kuwapuuza. Mgabire alikuwa na ukoo, mke aliyemtolea mahari, na watoto waliojulikana kuwa ni wake. Uhusiano ukimshinda, angeweza kumrudisha ng'ombe. Tena nguvu ya falme hizi haikutoka kwa mgabire peke yake, zilitoza pia wapita njia. Mwaka 1871 msafiri Henry Stanley alipokuwa akielekea Ujiji alitozwa hongo ya nguo mara kwa mara katika Buha, mpaka akaamua kupita porini usiku.

Karafuu ni habari nyingine kabisa. Mikarafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na chini ya Sultani Sayyid Said, aliyehamishia makao yake huko kutoka Muscat, visiwa vikageuka shamba la soko la dunia. Karafuu haingoji. Matumba yasipochumwa kabla ya kuchanua, thamani hupotea, kwa hiyo lazima mikono mingi iwepo kwa wakati mmoja, na baada ya hapo iwepo ya kupalilia. Mikono hiyo ilitoka Ziwa Nyasa, Uyao na bara yote ya ndani, na soko la Ujiji nalo lilikuwa kwenye njia ya kuwaleta watu hao. Mtu aliyeletwa alifaa kwa sababu hakuwa na mjomba wa kumtetea wala mzee wa kumgawia ardhi. Kukosa ndugu hakukuwa ajali ya utumwa wa shambani, ndiko kulikonunuliwa.

Watetezi wa mabwana hao husema watumwa wa Unguja walipewa Alhamisi na Ijumaa, walikuwa na viunga vya muhogo, na dini ilihimiza kuachwa huru. Mtoto wa suria alizaliwa huru. Ni kweli. Lakini upole wa bwana ni tabia ya bwana, nasi tunapima jamii. Tazameni serikali yenyewe ilivyohofu. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, enzi ya Sultani Barghash, lakini waliokuwa mashambani wakaachwa humo humo kwa miaka 24. Amri ya 1897 ya kufuta utumwa ilipokuja, mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na asipoonyesha makazi na njia ya kujikimu aliweza kuhesabiwa mzururaji. Aliyefidiwa ni bwana. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka 1909. Watawala hawaendi kwa tahadhari kiasi hicho wanapogusa desturi ya pembeni. Walijua kwamba wakiondoa watumwa, wanagusa nguzo ya nyumba.

Kuna atakayesema: Waha nao walikwenda manamba Tanga, yaani kazi ya mkataba kwenye mashamba ya mkonge, je, huo haukuwa utumwa? Swali hili ni letu hasa, maana katika familia nyingi za Kasulu na Kibondo yupo babu aliyekwenda. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, Mjerumani, kutoka Florida. Katika miche elfu moja ilipona 62, ikapandwa upande wa Pangani. Asili yake ni Yucatán, nchi ya Wamaya, ambako wakati huo huo mashamba ya katani yaliwashika wenyeji kwa madeni. Huku kwetu Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, na shamba likatafuta njia nyingine. Kigoma ikaachwa bila zao kubwa la fedha, kodi ikadaiwa kwa shilingi, na tangu 1944 wakala wa wenye mashamba, SILABU, akawa anakusanya vijana na kuwasafirisha hadi kwenye mkonge. Kipande, kadi ya kazi ya manamba, kilikuwa na siku 30 za kazi. Siku ambayo hakukamilisha kiasi cha majani haikuandikwa.

Manamba hakuwa mtumwa. Alirudi, na aliporudi alikuta shamba, mke na ukoo. Lakini mwenye mkonge alilijua hilo kabla yetu. Ujira alioutoa ulikuwa wa kumlisha mwanamume mmoja, kwa kuwa mke aliyebaki Buha alikuwa akilima maharage na mihogo ya kuwalisha watoto, na kijana akiumwa au kuzeeka alirudishwa kwa ndugu zake wamtunze. Unguja, karafuu zilimtaka mtu asiye na kwao. Mkonge wa Tanga ulimtaka mwenye kwao, ili gharama ya kumzaa, kumlea na kumzika ibaki huku, kwenye jembe la mwanamke wa Kiha ambaye jina lake halikuandikwa kwenye kipande chochote.